Vumbi la Keko

Ukimya huu haukuwa wa uvivu. Tulikuwa na msiba. Baba amefariki, tumemzika, tumeanua matanga na mimi nimerudi kazini. Wote mlionitumia pole nawashukuru, Mungu awalipe.

Leo nataka kuzungumzia vitabu. Najua mtaniuliza, hivi mtu anatoka msibani anakuja na habari za riwaya? Nivumilieni kidogo. Kuna riwaya mbili na hadithi moja ya kale ambazo zilinifanya nimkimbie baba yangu alipokuwa mgonjwa, halafu moja ya hizo ikanirudisha. Siwezi kuzieleza bila kumtaja yeye, wala siwezi kumweleza yeye bila kuzitaja.

Nianze na hadithi ya kale.

Desemba 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi kule Misri ya kusini, mkulima mmoja aitwaye Muhammad Ali al-Samman alikwenda na wenzake kuchimba udongo wa mbolea chini ya mlima. Wakakuta mtungi umefungwa. Alivyosimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, aliogopa kuuvunja akidhani ndani kuna jini. Halafu akawaza, je, kama ni dhahabu? Akaupiga sururu. Haikutoka dhahabu wala jini, vilitoka vitabu vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi. Alivipeleka nyumbani, na inasemekana mama yake alichukua baadhi ya kurasa akawashia moto. (Wapo wataalamu wanaozitilia shaka sehemu za simulizi hii, lakini vitabu vyenyewe vipo, vimehifadhiwa Cairo.) Kwa jumla ni vitabu 13 vyenye maandishi 52, kwa lugha ya Kikopti, vilivyonakiliwa yapata karne ya 4.

Mengi ya maandishi hayo ni ya watu tunaowaita Wagnostiki. Hawakuwa dhehebu moja, na hata jina hilo linafunika makundi mengi yasiyofanana. Lakini kuna hadithi inayojirudia kwao, nayo kwa ufupi ni hii. Mungu wa kweli yuko mbali, hana sura wala jina. Mmoja wa viumbe wake wa nuru, Sophia, ambaye jina lake kwa Kigiriki ni Hekima, alitaka kuzaa peke yake bila mwenzake. Akazaa kiumbe wa kutisha, mwili wa nyoka na uso wa simba, aitwaye Yaldabaoth. Huyu hakumjua aliye juu yake, akajitangaza kuwa ndiye Mungu na hakuna mwingine. Yeye na watumishi wake ndio waliofinyanga mwili wa Adamu. Ndani ya mwili huo kukaingia cheche ya nuru ya kule juu. Kwa hiyo dunia ni gereza, mwili ni selo, na wewe msomaji ni cheche iliyosahau kwao. Kinachokuokoa ni kujua. Kwa Kigiriki wanaita gnosisi. Sisi tuna neno maarifa, ambalo tumelipata kwa Waarabu, na kwa masufi neno hilohilo la Kiarabu ni kumjua Mungu kwa moyo, zaidi ya kule kujua kwa kusoma.

Nilikutana na hadithi hii nikiwa chuo, mwaka wa pili. Jamani, ilinipata! Fikiria una miaka 21, umechoshwa na wakubwa wote, wa serikalini, wa kanisani na wa nyumbani. Halafu mtu anakwambia hata huyo mkubwa wa juu kabisa ni laghai, na wewe ndani yako una kitu kikubwa kuliko yeye. Nani atakataa? Wengi wetu tuliipenda The Matrix ya mwaka 1999 kwa sababu hiyohiyo. Ondoa miwani myeusi na yale makoti marefu, inabaki hadithi ya Yaldabaoth.

Riwaya za fantasia, zile za kubuni malimwengu mengine, zimeichota sana hadithi hii. Nadhani sababu ni rahisi. Mwandishi wa fantasia ndiye mwandishi pekee anayelazimika kuumba dunia nzima tangu mwanzo, basi swali la nani kaiumba na kwa nia gani linamkaba mapema.

Riwaya ya kwanza niliipata Posta, kwenye meza za vitabu vya mitumba. Ni A Voyage to Arcturus ya David Lindsay. Lindsay alikuwa karani wa bima London kabla ya kuacha kazi na kuanza kuandika. Riwaya hii aliitoa mwaka 1920, zikachapwa nakala 1,430, zikauzwa 596 tu. Alifariki Julai 1945 bila kuonja umaarufu, miezi michache kabla ule mtungi haujapigwa sururu. Mawazo ya Wagnostiki yalikuwa yakijulikana zamani zake kupitia maandishi ya maadui wao, lakini ukisoma Lindsay unaweza kudhani aliuona mtungi ule ndotoni.

Mtu aitwaye Maskull anapelekwa kwenye sayari ya Tormance, inayoizunguka nyota ya Arcturus. Kila nchi anayoingia anaota kiungo kipya mwilini, na kwa kiungo hicho anaiona dunia upya na kuamini jambo jipya. Hapa anaamini upendo kwa kila kiumbe, pale anaamini nguvu, kwingine wajibu. Kila imani ni nzuri mpaka anapovuka mpaka. Kumbe uzuri wote huo ni mtego wa bwana wa sayari ile, Crystalman. Na kuna jambo moja la kutisha sana: kila mtu anayekufa Tormance, hata awe mwema kiasi gani, uso wake unabadilika na kubaki na cheko la kishenzi. Ni cheko la Crystalman, kama mhuri wa mwenye mali. Mwishoni tunaambiwa kuwa yule jamaa mkorofi aliyekuwa akimuumiza Maskull safari nzima ndiye mkombozi, na kwamba duniani kwetu jina lake ni maumivu.

C. S. Lewis alikisoma kitabu hiki na kikamfungulia njia ya kuandika Out of the Silent Planet mwaka 1938, ingawa falsafa yake hakuikubali hata kidogo. Mimi niliikubali. Nilitembea na kitabu kile kwenye begi miaka miwili. Dunia ni cheko la kishenzi, mwili ni ganda. Niliyarudia maneno hayo kijiweni mpaka washikaji wakanichoka.

Halafu baba akapata kiharusi.

Baba alikuwa fundi seremala, Keko, zaidi ya miaka 30. Wanaoijua Keko wanajua ninachosema: makochi barabarani, vitanda vimesimamishwa ukutani, kelele za mashine, na vumbi la mbao kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kola ya shati la kanisani. Kiharusi kilimpooza upande wote wa kulia na kumnyang'anya maneno. Alibaki na sauti moja tu, kama mtu anayeanza kusema "eeh" halafu anaghairi. Tulimlaza sebuleni, kwenye kitanda cha mninga alichokitengeneza mwenyewe kabla sijazaliwa. Aliishi hivyo miezi minane.

Nilichokifanya katika miezi hiyo sijawahi kumwambia mtu. Nilichelewa kurudi. Kazi ya gazeti ina visingizio vingi, na mimi nilivitumia vyote. Kikao kimechelewa kuisha, mhariri kanizuia, foleni. Mama na mdogo wangu wa kike ndio waliomwogesha, waliomgeuza na kumlisha uji. Mimi nilifika saa nne usiku akiwa amelala, nikasimama mlangoni dakika moja, nikapita. Na nilikuwa na falsafa ya kunisaidia! Nilijiambia kuwa yule si baba. Baba halisi, ile cheche, ameshatoka au yumo mahali nisipoweza kumfikia, na kilichopo sebuleni ni ganda. Wageni nao walinipa nguvu bila kujua. Walikuja kumwona mgonjwa, wakasema mwili ni nyumba ya kupanga tu, dunia mapito. Walisema kwa upendo. Mimi nilisikia ruhusa ya kuchelewa.

Siku moja nikamwambia mdogo wangu maneno hayo, kwa ufasaha wote wa mtu wa chuo. Alikuwa anafua mashuka. Hakugombana nami. Akasema, "Kaka, kama baba hayupo, nani ananishika mkono ninapomnyoa?"

Wiki iliyofuata alisafiri. Mama mgongo ulikuwa unamsumbua. Zamu ikawa yangu.

Nikamwogesha. Sitaeleza yote, mwenye kuuguza anajua. Nilipomaliza nikamfunika, nikaketi kwenye kigoda kando yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye ukingo wa kitanda, na nikauona unatembea. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya mbao, taratibu, kutoka kichwani kuelekea miguuni, vilevile alivyokuwa akikagua kazi ya vijana wake baada ya kupiga randa. Katikati kulikuwa na mahali palipochubuka tulipokuwa tunahamishia kitanda sebuleni. Kidole kilipofika hapo kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena. Akakunja uso. Ndugu zangu, ule uso niliujua! Ni uso aliokuwa akimpa kijana wa kazi asiyejua kupiga msasa.

Kesho yake niliwahi kurudi. Nilinunua msasa njiani, nikasugua pale palipochubuka mpaka pakalainika, vumbi la mninga likaniingia puani. Nikamshika mkono nikauweka kwenye ukingo. Kidole kikatembea, kikafika pale, kikapita bila kusimama.

Basi. Mtu aliyeniambia kuwa yule ni ganda alikuwa mimi mwenyewe, na nilikuwa mwongo.

Usiku huo nikaitoa riwaya ya pili, ambayo chuoni niliisoma haraka na kuielewa nusu. Ni ile ya Philip Pullman, His Dark Materials, vitabu vitatu vilivyotoka mwaka 1995, 1997 na 2000. Wengi mnaijua kwa filamu ya mwaka 2007 au tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa kati ya 2019 na 2022. Pullman naye ana kidonda cha baba. Baba yake alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza, akafa kwenye ajali ya ndege hukuhuku Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, mtoto akiwa na umri wa miaka 7 hivi.

Katika dunia ya Lyra, msichana wa hadithi hiyo, nafsi ya mtu hukaa nje ya mwili kwa umbo la mnyama anayetembea naye. Kule juu yuko anayeitwa Mamlaka, aliyewadanganya malaika wenzake kwamba yeye ndiye aliyewaumba, kumbe yeye ni malaika wa kwanza tu. Malaika wa kike mwenye hekima akaugundua uongo huo, akafukuzwa. Mnamwona Yaldabaoth? Mnamwona Sophia? Chuoni nilishangilia hapo, nikafunga hesabu: Pullman ni Mgnostiki, mwenzetu.

Safari hii niliona nilichokiruka. Pullman anachukua nusu ya kwanza ya hadithi ya kale na kuitupa nusu ya pili. Mkubwa kweli ni laghai, lakini dunia si gereza. Malaika wake hawana nyama, na wanatuonea wivu sisi tulio nayo. Waovu wa kitabu ndio wanaochukia mwili, ndio wanaowakata watoto na wanyama wao ili wabaki "safi". Na kitu kitakatifu kuliko vyote katika vitabu vile kinaitwa Vumbi. Ni chembe zisizoonekana ambazo kwazo maada inajitambua, na zinamwelekea mtu zaidi anapokomaa, anapopenda, anapotengeneza kitu kwa mikono. Kanisa la kitabuni linaliogopa Vumbi kama dhambi. Mimi nilisoma sura zile nikiwa na vumbi la mninga kwenye kucha.

Hata yule Mamlaka mwenyewe, tunapomfikia, si simba wala nyoka. Ni mzee sana, amedhoofu, akili imemtoka, amefungiwa ndani ya sanduku la kioo na analia kwa hofu. Lyra na rafiki yake Will hawamjui ni nani. Wanamwona mgonjwa tu, wanamsaidia kutoka kwa upole, na upepo unamtawanya akiwa ametulia. Nilipokuwa chuo nilisikitika kwamba hapakuwa na vita kubwa hapo. Sasa naona ni kurasa za mtu anayejua maana ya kumshika mzee mkono.

Lakini sehemu iliyonibeba ni safari ya kuzimu. Wafu wamejazana mahali pa kijivu, wanalindwa na ndege wabaya wenye nyuso za wanawake. Lyra, bingwa wa kutunga, anajaribu kumpa mmoja wa ndege hao hadithi za uongo, naye anamrukia kumrarua. Baadaye anawasimulia wafu mambo ya kweli, jinsi alivyocheza na kupigana matope na watoto wenzake, harufu na rangi za mahali pale, na ndege wale wanatulia kusikiliza. Wanakubaliana hivi: kila mfu atakayekuja na hadithi ya kweli ya maisha yake ataongozwa mpaka mlango wa kutokea. Huko nje atayeyuka na kurudi kwenye hewa, majani na udongo. Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, 2001, Ursula Le Guin alitoa The Other Wind, na huko nako ukuta unaowafungia wafu katika nchi kavu unavunjwa wakaachiwa. Le Guin alitokea upande wa Watao wa China, hakupitia kwa Wagnostiki, lakini wote wawili walifika kwenye jambo moja: kumtoa mfu gerezani ni kumrudisha duniani.

Sitaki mnielewe vibaya. Siamini kila anachoamini Pullman, na kwa kanisa ana ukali ambao mimi sina. Kuna kichekesho hapa pia. Wale wageni waliosema mwili ni nyumba ya kupanga walikuwa Wakristo wenzangu, tunaokariri pamoja Kanuni ya Imani inayotaja ufufuo wa mwili. Yapata mwaka 180, Askofu Irenaeus wa Lyon aliandika vitabu vitano kuwapinga Wagnostiki, na moja ya hoja zake kubwa ilikuwa kwamba nyama hii ni kazi ya Mungu na Mungu hataitupa. Kwa jambo hilo, askofu wa zamani na mwandishi asiyeamini Mungu wamekaa benchi moja, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la wageni.

Baba alifariki alfajiri. Nilikuwepo. Kwa haya naungama: niliutazama uso wake nikilitafuta lile cheko la Lindsay. Halikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

Jioni baba mdogo akaniita. "Wewe si ndiye mwandishi? Andika wasifu wa marehemu. Ukurasa mmoja." Mnaujua wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, aliugua, amefariki, ameacha mjane na watoto watatu. Naandika habari za namna hiyo kila wiki, ningeumaliza kwa dakika kumi. Lakini kila nilipouangalia niliwaona wale ndege wamekaa kwenye mwembe wanangoja.

Nikaandika tarehe zote kama inavyotakiwa. Halafu nikaongeza kwamba hakuna kiti kilichotoka kwenye karakana yake bila yeye kukikalia kwanza, na kwamba alimwambia mteja wazi, "Hiki nimeshakukalia." Kwamba alikuwa na hasira za haraka na madeni ya mbao yasiyoisha. Kwamba nilipomwambia nataka uandishi wa habari alisema, "Utauza maneno? Maneno hayapigwi randa," tukanuniana miezi miwili. Na kwamba mkono wake wa kushoto ulifanya kazi mpaka wiki ya mwisho. Niliposoma hilo la randa watu wakacheka, mchungaji naye akacheka. Baba mdogo akaniambia baadaye kuwa ulikuwa mrefu mno.

Haya, nimerudi. Wiki ijayo tutazungumza mambo mepesi. A Voyage to Arcturus bado naipenda, na anayetaka kuiazima aseme. Ila wewe mwenye mgonjwa nyumbani, funga hapa, wahi kurudi.